Taa za London na Mtaa wa Sikukuu

Ndugu zangu wa Kariakoo, Gerezani na Mchafukoge,

Kila Desemba picha za taa za Krismasi za London zikiwafikia kwenye simu, husikika maneno mawili: wenzetu mnafaidi, na mbona kwetu hakuna. Kufaidi ni kweli. Jua huku huzama kabla ya saa kumi jioni, na taa zilizotandazwa juu ya barabara ni raha ambayo asiye na senti huipata sawa na tajiri. Ila msidhani zimetundikwa na serikali au kanisa. Taa za Regent Street zilianza 1954, mwaka uleule mgawo wa nyama uliobaki tangu Vita vya Pili vya Dunia ulipokoma, na waliochanga ni wenye maduka wa mtaa huo, waliochoka kuona jiji limefifia. Oxford Street wakafuata 1959. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1970, taa zikazimwa miaka kadhaa. Hiyo ni akili ya soko tupu, na kwa akili ya soko Kariakoo haihitaji mwalimu. Kilichokosekana ni kuchanga pamoja.

Mtasema umeme wenyewe tumetoka juzi kwenye mgawo. Sawa, lakini bwawa la Nyerere kule Rufiji limejengwa kutoa megawati 2,115, na balbu za siku hizi hula umeme kidogo mno. Hoja nzito ni ya usalama: Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021, na Novemba 2024 ghorofa la mitaa hiyohiyo likaporomoka likaua watu. Nani aongeze nyaya hapo? Ndiyo maana sitetei kila duka lijiungie waya wake dirishani. Natetea mradi mmoja wa mtaa mzima, wenye fundi mwenye leseni ya EWURA na mtu wa kuwajibika waya ukiungua. Anayeogopa moto ana sababu zaidi ya kutaka jambo hili lipangwe, kwa kuwa holela tayari ipo.

Wapo watakaouliza, na Waislamu je, ambao ni wengi mitaani hapo? Tangu 2023 London huwasha pia taa za Ramadhani karibu na Piccadilly Circus. Nyaya zikishafungwa vizuri, Desemba zibebe nyota, Ramadhani zibebe mwezi mwandamo. Kuhusu ujirani wenyewe hatuna la kujifunza huku. Sahani za pilau zilivuka uchochoro zamani. Na si kila cha London kiletwe. Theluji ya pamba kwenye joto la Desemba ni kichekesho, na tarehe 25 treni na mabasi ya jiji hili hayatembei, hata asiye na gari akitamani kwenda kwa shangazi yake.

Wenye maduka, Kariakoo tayari ina Mtaa wa Sikukuu. Kaeni kikao kabla ya Oktoba, mchange, mwanzie hapo.