Masasi ku bahari: onyo la kuchelewa linalinda nani?

Tarehe 21 mwezi wa pili 2025, meli tatu za jeshi la China zilitangaza mazoezi ya kupiga masasi mu bahari ya Tasman, kati ya Australia na New Zealand. Sheria inaruhusu, juu kule ni bahari ya wote. Shida ni onyo. Lilipita ku redio siku ileile, na Australia ilijua kupitia rubani wa ndege ya abiria. Ndege 49 zikabadilisha njia. China inasema ilifuata sheria.

Bahari za dunia zimegawanywa mu maeneo 21, kila moja na inchi yenye kutangazia meli hatari. Lakini utaratibu huo unasaidia tu kama jeshi linasema mapema. Meli ya mizigo haigeuki kama pikipiki.