Mtoto Mchanga Ndani ya Ndege: Amana ya Nani?

 

Ndugu Waislamu, safari za ndege za masafa marefu si jambo geni tena katika majumba yetu. Wapo wanaokwenda Umra, wapo wanaowafuata waume zao Muscat na Dubai, na wapo wanaowapeleka wajukuu kwa mababu na mabibi waliopo Uingereza au Marekani. Katika safari hizo wamo pia watoto wachanga, ambao hawakuulizwa kama wanataka kusafiri wala hawana ulimi wa kueleza maumivu yao. Makala haya yanahusu haki yao. Tunasema tangu mwanzo kwamba mtoto huyu ni amana ya baba, ya jamaa na ya wasafiri wenzake, kama alivyo amana ya mama, na kwamba kumwachia mama peke yake mzigo huu ni katika dhulma tulizozizoea mpaka hatuzioni tena.

Swali la kwanza linalopasa kuulizwa kabla ya tiketi kukatwa ni hili: Je, safari hii ina ulazima kwa sasa? Yapo mashirika ya ndege yasiyompokea mtoto kabla hajatimiza siku 7, na mengine siku 14. Kuruhusiwa na shirika, hata hivyo, si ushahidi kwamba safari ina maslahi kwa mtoto. Hewa ya ndani ya ndege iliyo angani hufanana na hewa ya mlima wenye urefu wa hadi kiasi cha mita 2,400, yaani juu kuliko mji wa Njombe. Mtoto mzima wa afya huivumilia hali hiyo. Lakini mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye maradhi ya moyo au mapafu, hapaswi kupandishwa ndege mpaka daktari anayemjua aseme neno lake. Aidha, chanjo ya surua katika nchi yetu hutolewa mtoto anapofikisha miezi 9, na kabla ya hapo anapita katika viwanja vya ndege vyenye watu wa kila taifa akiwa hana kinga hiyo.

Wapo wanaodhani kwamba kumpeleka mtoto mchanga Hija ni kumtangulizia kheri. Kheri ipo, na wazazi wana ujira wao kama ilivyothibiti katika hadithi sahihi. Hata hivyo, wanavyuoni wamebainisha kwamba hija ya kabla ya kubaleghe haimwondolei mtu faradhi yake. Mwaka 2025 mamlaka za Saudi Arabia zilizuia watoto kuandamana na mahujaji kwa kuhofia msongamano. Basi mwenye kuweza kuchelewesha na acheleweshe, na asione kwamba imani yake imepungua.

Iwapo safari haina budi, jambo la pili ni kujua kinachomliza mtoto. Wengi wetu tukisikia kilio husema, "Mtoto huyu ana fujo," au, "Mama huyu hajui kulea." Ukweli ni kwamba ndege inaposhuka, shinikizo la hewa hubadilika, na kijinjia chembamba kinachounganisha sikio na koo huwa kizito kufunguka kwa mtoto mdogo. Hapo masikio huuma. Dawa yake ni kunyonya na kumeza, kwani kumeza hukifungua kijinjia hicho. Kwa hiyo mama amnyonyeshe mtoto wakati ndege inapopaa, na zaidi inapoanza kushuka, jambo ambalo huanza muda mrefu kabla ya magurudumu kugusa ardhi. Tena hewa ya ndani ni kavu mno, kwa hiyo mtoto anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Aliye chini ya miezi 6 na ananyonya maziwa ya mama tu hahitaji maji. Kinachohitajika ni mama yake anywe na kula vya kutosha, na hilo haliwezekani iwapo hapana wa kumshikia mtoto hata kwa dakika kumi.

Jambo la tatu ni ada mbaya inayonong'onwa baina ya wasafiri, nayo ni kumnywesha mtoto dawa ya mafua au ya mzio ili alale safari nzima. Huku ni kumlewesha mtoto kwa ajili ya raha ya wakubwa. Dawa yenye promethazini imewekewa onyo kali kwa takriban miaka 20 sasa kwamba isipewe mtoto wa chini ya miaka 2, kwa kuwa imewahi kuzuia pumzi za watoto hata wakafa. Dawa nyingine za aina hiyo huwageuka baadhi ya watoto, wakawa na mahangaiko badala ya usingizi. Na haya yakitokea angani, hospitali iko wapi? Fiqhi yetu imesimama juu ya kanuni ya kuondoa madhara. Vipi basi tuyanunue madhara dukani kwa mikono yetu na kumnywesha asiyeweza kukataa? Mtoto mgonjwa apewe dawa aliyoandikiwa na daktari kwa ugonjwa wake. Kulia si ugonjwa.

Jambo la nne ni mahali pa kumweka. Kanuni za nchi nyingi zinaruhusu mtoto wa chini ya miaka 2 apakatwe, na nauli yake aghalabu huwa kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Tusisahau kwamba urahisi huu una upande wake wa pili. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya shirika la United, safari namba 232, ilianguka Sioux City huko Marekani ikijaribu kutua kwa dharura. Watoto wanne waliokuwa wakipakatwa waliwekwa sakafuni, kama maelekezo ya wakati ule yalivyotaka, na mmoja wao akafariki. Kiongozi wa wahudumu wa ndege ile alitumia miaka mingi baada ya hapo akidai kila mtoto awe na kiti chake. Mwenye uwezo na amnunulie mtoto kiti, amfunge katika kiti cha watoto kinachokubaliwa na shirika. Asiye na uwezo aombe mapema kile kitanda kidogo kinachofungwa ukutani mbele ya siti za mwanzo, na amtoe mtoto humo kila ndege inapoyumba. Na mtu mzima asiuzungushe mkanda wake juu yake na mtoto kwa pamoja, kwani ndege ikisimama kwa kishindo ni mwili wake yeye utakaomponda mwanawe.

Sasa tuje kwa baba. Katika mimbari zetu tunasisitiza mwanamke asisafiri bila mahram, na hilo ni haki. Lakini mahram si muhuri wa kwenye pasipoti. Ni mwanamume gani huyu anayejifunika blanketi, akalala kutoka Dar es Salaam hadi Doha, na kutoka Doha hadi London, ilhali mkewe anazunguka njiani na mtoto begani? Mtume (s.a.w.) aliswalisha watu akiwa amembeba mjukuu wake Umama, akimweka chini anaposujudu na kumwinua anaposimama. Ikiwa kumbeba mtoto hakukuiondolea swala heshima yake, kutaiondolea nini heshima ya mwanamume aliyekaa kwenye siti ya ndege? Baba abadilishe nepi, abebe mkoba, ampokee mtoto mama apate kutawadha, kuswali kwa kupunguza na kukusanya, kula na kusinzia.

Na sisi abiria wengine tuna wajibu. Imethibiti kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiingia katika swala akikusudia kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto huifupisha, kwa kujua uzito unaomshika mama yake. Tuzingatie hapa: aliyebadilisha jambo lake ni imamu. Mama hakukemewa wala hakutolewa nje. Ikiwa ibada iliyo nguzo ya dini ilifupishwa kwa huruma ya mama mmoja, usingizi wetu wa angani una utukufu gani hata tumkodolee macho na kufyonza?

Wapo watakaosema: "Bibi zetu walisafiri na watoto kwa majahazi siku na siku, na hawakuandikiwa makala." Ni kweli walisafiri. Lakini hawakuwa peke yao. Jahazini palikuwa na mashangazi, majirani na wanawake wa mji mmoja, mtoto akipokewa mkono kwa mkono mpaka mama yake akasahau yuko wapi. Ndege imeleta wepesi wa mwendo, lakini imewaondoa watu wale, ikamweka mama katika siti moja baina ya watu wawili asiowajua. Kilichopotea hicho ndicho tunachotakiwa kukirudisha.

Tunapendekeza basi mambo matatu. Kwanza, viongozi wa vikundi vya Umra waulize mapema ni nani ana mtoto mchanga, wahakikishe familia imekaa pamoja, na wateue akina mama wawili wa kumsaidia kwa zamu. Pili, familia inayomsafirisha binti yao na mtoto ikague mapema pasipoti ya mtoto mwenyewe, chanjo zake, na muda wa kubadilisha ndege, wala isimbebeshe mizigo ya watu wengine. Tatu, maimamu na walimu wa madrasa wawafundishe vijana wanaooa kwamba kulea ni kazi ya wawili, nchi kavu na angani.

Safari ni kipande cha adhabu kwa mtu mzima mwenye nguvu na akili zake. Kwa mtoto wa miezi mitatu ni nini, ikiwa waliomzunguka wamefumba macho? Kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, awape nguvu mama zao, na atuamshe sisi tuliolala.

Wabillahi tawfiq.