Saa ya Hatari Baada ya Upasuaji

Jamaa wanaongoja nje ya chumba cha upasuaji huko Mulago, hospitali kuu ya Kampala, hushusha pumzi mara wasikiapo kwamba kisu kimemaliza kazi yake. Hatuwalaumu. Walakini kwa mgonjwa mwenyewe saa ya hatari ndiyo kwanza inaingia.

Nusukaputi haimtoki mtu mara moja. Mabaki ya dawa za kulegeza misuli humnyima nguvu za kuvuta hewa. Ulimi huanguka nyuma ukaziba koo. Na mofini aliyochomwa kwa ajili ya maumivu yaweza kupunguza pumzi zake hata zikakoma. Hayo hutokea kimya kimya, na apitaye mbali humdhania amelala tu.

Mwaka 2007 ulichapishwa uchunguzi uliowahoji watoa nusukaputi 97 wa Uganda. Asilimia 23 tu walikuwa na vifaa vya kumlaza mtu mzima kwa salama. Kwa mama anayepasuliwa ili azae, asilimia 6. Tangu 2011 shirika la Lifebox limekuwa likisambaza oksimita, yaani kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, katika nchi zenye upungufu, Uganda ikiwa mojawapo. Msaada huo ni wa kushukuriwa.

Hata hivyo kibanio hicho hakipimi pumzi zenyewe. Mgonjwa anayepewa oksijeni aweza kuonyesha tarakimu nzuri ilhali anapumua kwa shida na kabonidayoksaidi inajaa damuni mwake. Tarakimu inapoanza kushuka, muda wa kumwokoa umekwisha kuwa mfupi. Tena uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba vifaa hivyo huwakosea watu weusi mara nyingi zaidi kuliko weupe, vikisema oksijeni inatosha kumbe imepungua. Sisi Waafrika jambo hilo latuhusu kuliko yeyote.

Basi twauliza: nani anaketi kando ya kitanda? Kutazama kifua kikipanda na kushuka, kusikiliza koo, kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kazi hiyo haidai umeme wala fedha za kigeni. Yadai muuguzi aliyefunzwa, asiyeitwa huku na huku. Mashine hupokewa mbele ya wapiga picha. Muuguzi wa zamu ya usiku hakatiwi utepe. Wizara ya Afya inapopanga nafasi za kazi, chumba cha kuzindukia kihesabiwe peke yake, wala kisiachiwe muuguzi mwenye wodi nyingine ya kutazama, hasa usiku, akina mama wanapoletwa kupasuliwa kwa dharura.