Taulo la Mgeni na Taulo la Nyumbani



Kisiwa cha Mafia hupokea wageni kutoka mbali. Wapo wanaofika Utende ili kuzamia na kutazama matumbawe ya ghuba ya Chole, ndani ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Wapo pia wanaokuja kati ya Oktoba na Machi kuogelea na potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, karibu na Kilindoni. Katika hoteli za kitalii za mwambao wetu imezoeleka kuwa mgeni afunguapo chumba hukuta juu ya kitanda taulo lililokunjwa likawa ndege mwenye shingo ndefu, au tembo mwenye mkonga, limezungushiwa maua.

Ufundi huu una asili ya zamani. Katika karne ya 17 huko Padua, Italia, Mattia Giegher alitoa kitabu chenye michoro ya kuonesha namna ya kukunja vitambaa vya mezani vikawa ndege na samaki kwa ajili ya karamu za wakubwa. Leo mkunjaji ni mhudumu wa vyumba, na katika mwambao wetu mara nyingi ni kijana wa Kiislamu, mtoto wa jirani yako au wako wewe. Baadhi yao wameanza kuuleta ufundi huo nyumbani, na wadogo zao wanaupenda.

Hapo ndipo wazazi wanapouliza: je, si kutengeneza sanamu huku? Swali hilo ni la haki, wala halifai kuchekwa. Hadithi zinazokemea utengenezaji wa picha za viumbe wenye roho ni sahihi na zinajulikana. Hata hivyo, zipo hadithi nyingine za kuzingatiwa pamoja nazo. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere aliochezea, na miongoni mwao alikuwamo farasi mwenye mbawa, Mtume (S.A.W.) alimwona naye akacheka. Aidha, alipolichukia pazia lenye picha lililotundikwa, Bibi Aisha alilikata akafanya mito ya kuegemea, nayo ikatumika. Kutokana na hayo, wanazuoni wengi wamevipa vitu vya kuchezea watoto hukumu nyepesi, na wengi wametofautisha kitu kinachotundikwa kwa kutukuzwa na kile kinachotumika na kudharaulika.

Taulo halina macho wala uso; jioni hukunjuliwa likafuta maji. Hata hivyo, mwenye nyumba ambaye moyo wake hautulii asilazimishwe. Ibn Abbas (R.A.) alimwelekeza mchoraji mmoja kuchora miti na vitu visivyo na roho. Njia hiyo ipo wazi kwetu pia: taulo hukunjwa likawa waridi, jahazi, au kipepeo kama kile cha ukili. Muulizeni shekhe wenu wa karibu, kisha mshikamane na mliloridhika nalo, bila ya baba na mama kuvutana mbele ya watoto.

Baada ya swali hilo, lipo jingine ambalo naliona zito zaidi. Kijana huyu anapomtandikia mgeni, hunyoosha shuka lisibaki na kunyanzi, hupanga maua, huweka maji ya kunywa. Kumkirimu mgeni ni katika imani, na Nabii Ibrahim (A.S.) ni kigezo chetu katika hilo. Lakini arudipo nyumbani, mama yake ndiye humtandikia yeye. Bibi yake mgonjwa hulala chumba cha nyuma, na shuka lake hubadilishwa pale tu anapokumbukwa. Mke wake hajawahi kukuta kitanda kimetandikwa na mkono usiokuwa wake. Mikono ni ile ile, na ujuzi anao. Tofauti ni kwamba mmoja hulipa.

Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa sala ulipofika alitoka kwenda kusali. Basi kutandika, kufua na kukunja haviwezi kuwa aibu kwa mwanamume wa Mafia nyumbani kwake, ilhali kwa mgeni huvifanya na kupokea mshahara wa halali.

Kwa hiyo wazazi waanze na jambo dogo, wavulana na wasichana pamoja. Badala ya yule ndege wa hotelini asiyeonekana kwetu, mfanyeni yangeyange, ambaye watoto humwona ufukweni maji yakitoka. Tandazeni taulo zito la kuogea, kwani jepesi huanguka. Weka kidole katikati ya upande mfupi wa juu. Vingirisha kona ya kulia kimshazari kuelekea mstari wa kati, kisha ya kushoto vivyo hivyo, mpaka mizingo miwili ikutane na kufanya ncha kama ya mkuki. Inua ncha hiyo uirudishe nyuma iwe shingo, na mwisho wake uukunje mbele iwe kichwa. Shingo ikilegea, iegemezeni kwa taulo dogo lililokunjwa. Asiye na taulo la ziada achukue kanga: aikunje pembe kwa pembe, aiviringe, kisha aizungushe iwe waridi.

Yapo masharti matatu. Taulo liwe safi na kavu kabisa, kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu, na kitambaa kibichi kikikunjwa hunuka ukungu. Lisinunuliwe taulo jipya kwa ajili ya pambo, kwani huo ni mwanzo wa israfu. Na kabla ya pambo, kitanda kitandikwe: shuka libadilishwe, mto upigwe jua, na chumba kifagiliwe.

Likishakamilika, mtoto alipeleke kwa bibi yake kwanza. Akute shuka safi, maji karibu naye, na juu yake kitu kilichofanywa kwa ajili yake na mjukuu asiyetarajia bakshishi. Wiki ijayo iwe zamu ya mama, na wiki nyingine kaka mkubwa amtandikie mkewe.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu kuwa mahali ambapo wenyeji hukirimiwa kama wageni. Amin.