Mzaha usiovuka barieri

Mimi ni mchekeshaji. Kwetu Shasha, kando ya ziwa Kivu, kati ya Sake na Minova, wengi hawaiiti hiyo kazi. Wakimuuliza mama yangu mutoto wake anafanyaka nini, anajibu: "Anazungukaka tu." Hasemi uongo. Mchekeshaji wa mugini, mwaka wake ni kiangazi. Mvua ikikatika mwezi wa sita, barabara ya kitaifa namba 2 inakauka, mashule yanafunga, vijana wanaoa, parokia zinafanya sikukuu. Kutoka hapo mpaka masomo yafunguliwe mwezi wa tisa, hiyo njo shamba letu. Usipovuna hapo, utakula nini wakati wa mvua?

Kiangazi cha 2019 nilizunguka hivi. Tarehe 30 Juni nilikuwa uwanja wa shule hapa Shasha, sikukuu ya uhuru. Tarehe 2 Julai nilikuwa Sake, siku ya kutangaza matokeo ya wanafunzi. Kisha harusi mbili Goma, jioni moja Minova, onyesho moja Bukavu, na tarehe 15 Agosti sikukuu ya Bikira Maria. Katika hizo zote, nimelipwa pesa mara tatu. Mara zilizobaki nililipwa wali, Fanta na "Mungu akubariki". Lakini si malipo yaliyonifanya nishike kalamu. Ni mzaha mmoja.

Kila mchekeshaji wa Kivu yuko nao. Ni ule wa kuiga sauti za makabila. Unapanda jukwaani, unasema kama Munande anayeuza maharagi, kama Mushi anayegombana na dereva, kama mukulima wa milima ya Masisi anayefika mjini mara ya kwanza, kama mutu wa Kinshasa anayejaribu Kiswahili chetu. Hauhitaji kuandika kitu wala kufikiri. Unafungua kinywa, neno la pili tu, watu wako chini wanacheka. Na mwenye sherehe amekupa dakika kumi, mikro inakatika-katika, jenereta inalia kuliko wewe. Anakwambia: "Yaya, changamusha batu." Utachukua nini? Utachukua kile kilicho karibu. Mimi nimekichukua miaka mingi.

(Kabila langu sitaliandika hapa. Msomaji akianza kulitafuta kati ya mistari, basi ameisha kuelewa shida ninayotaka kuizungumzia.)

Tarehe 14 Julai, Ebola ikatangazwa Goma. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mchungaji aliyesafiri kwa basi kutoka Butembo. Siku tatu baadaye, Shirika la Afya Duniani likasema ugonjwa huu ni dharura ya dunia nzima. Mjini watu waliacha kusalimiana kwa mikono, tukawa tunagusana viwiko kama wachezaji wa mpira. Jumamosi iliyofuata nilikuwa na harusi. Nikafanya kile mchekeshaji yeyote mvivu angekifanya: nikaunganisha sauti na habari ya wiki. Nikamwiga Munande ndani ya basi, ana homa, lakini hataki kushuka kabla hajarudishiwa faranga zake. Mahema yote mawili yalicheka. Bwana harusi alicheka mpaka akashika meza.

Nilipotoka, nikamkuta mama mmoja kwenye ndoo ya maji ya klori, penye mulango. Alikuwa anaenda zake na keki haijakatwa bado. Akanisalimia kwa heshima, akasema: "Papa, unajua kuchekesha. Ile sauti umefanya, njo sauti yangu. Tangu Jumapili, nikifungua kinywa ku soko, bateja banarudia nyuma. Leo nilikuya harusi nipumuzike kidogo."

Hakukasirika, hakunitukana. Alifunga maji, akapangusa mikono, akaenda. Mimi ninayeishi kwa kinywa, nikakosa hata neno moja la kumpa.

Wenzangu niliowasimulia walinijibu jibu moja: utani ni desturi yetu, tusianze kuogopa kila kitu. Nimefikiri sana juu ya jibu hilo, maana ni la kweli nusu. Angalieni Tanzania, ambako utani wa makabila ni jambo la zamani. Msukuma na Mzaramo wanaweza kusemana maneno ambayo wengine wangepigana kwa ajili yake. Lakini utani ule uko na sheria. Kwanza, anayetaniwa yuko pale, naye ana haki ya kujibu. Pili, mtani ana wajibu: ukifiwa, yeye anakuja matangani, anafanya kazi, anakutuliza kwa mzaha uleule. Ndiyo sababu mzaha wake hauumi. Mimi kwenye ile harusi nilichukua mzaha, nikaacha wajibu. Nilimcheka mutu aliye msibani, bila kwenda kwenye msiba wake. Beni na Butembo walikuwa wanazika tangu Agosti 2018. Mwisho wa mwezi wa nane mwaka 2019, hesabu ya wagonjwa ilifika 3.000 na ya waliokufa 2.000.

Na sisi wa Masisi na Walikale, kati ya watu wote, hatuna ruhusa ya kusema "ni maneno tu". Mwezi wa tatu 1993, mauaji yalianzia sokoni Ntoto, kule Walikale, yakaingia Masisi, jirani akamkimbia jirani. Mwaka huohuo, mwezi wa saba, ng'ambo ya mpaka, redio RTLM ikaanza kusema. Watu waliipenda juu ya muziki na mizaha yake. Walizoea kwanza kucheka, na masikio yaliyozoea yakapokea yaliyofuata. Miaka kumi baadaye, Desemba 2003, mahakama ya Arusha ikawahukumu wawili waliokuwa nyuma ya redio ile, pamoja na mwenye gazeti mmoja. Sisemi kwamba mzaha wa harusi unazaa vita. Vita vya kwetu viko na bunduki, mashamba na madini nyuma yake. Nasema kwamba mutu wa Masisi anajua barieri ambapo hawaangalii kadi ya mpiga kura tu, wanasikiliza pia namna unavyosema. Mahali ambapo sauti ya mutu inaweza kumuuwisha, anayeichezea jukwaani ajue anacheza na nini.

Baada ya Goma nikaenda Minova. Mistari ya mbele walikaa watu waliokimbia milima yetu, na nyuma yao wenyeji waliowapokea, na kando vijana nisiowajua ni wa nani. Kabla ya kupanda, nikajikuta nahesabu mizaha yangu kama mutu anayeficha pesa kabla ya barieri. Huu unapita. Huu haupiti. Huu nikiusema, sitalala hapa. Kati ya dakika ishirini nilizozitayarisha, zilibaki saba. Zile kumi na tatu, zote zilikuwa za kuwacheka watu ambao sikutegemea kuwaona. Usiku ule nikaelewa: mzaha unaoweza kuusema Shasha lakini hauwezi kuvuka nao mpaka Minova, huo si mzaha. Ni masengenyo yenye mikro.

Bukavu nikapata somo la pili. Nilipanda meli Goma, nikafika nimechoka. Kijana aliyenitangulia jukwaani akaanza kutuiga sisi: eti watu wa Goma na Masisi tunaongea kama tunatembea juu ya mawe ya volkeno. Ukumbi wote ukacheka. Mimi pia nilicheka, lakini nilichelewa kidogo. Kuchelewa kule, kila aliyewahi kuchekwa anakujua: kwanza unaangalia pembeni uone nani anakuangalia. Zamu yangu ikafika, nikajibu: kweli, ndugu, tunaongea hivyo juu mawe yako njiani, nanyi munaongea kama munapanda kilima cha kwenu, neno la mwisho linabaki chini. Akacheka kuliko wote, tukashikana viwiko. Tofauti na ile harusi ni moja tu: hapa aliyechekwa alipewa mikro.

Basi tutachekesha na nini? Kuna anayetuonyesha njia tangu zamani. Pie Tshibanda alikuwa Katanga wakati Wakasai walipofukuzwa kule miaka ya 1990. Mwaka 1995 akakimbilia Ubelgiji. Mutu kama huyo angekuwa na sababu ya kupanda jukwaani na kuwachafua waliomfukuza. Alifanya onyesho liitwalo "Un fou noir au pays des Blancs", akaanza kujicheka yeye mwenyewe, mgeni asiyeelewa desturi za watu, kisha wenyeji wakajiona na wao ndani ya kicheko kile. Hakumpiga aliye chini.

Nami Minova, zile dakika kumi na tatu zilizobaki tupu, nilizijaza na safari yangu yenyewe. Nikasema: kutoka Shasha mpaka Goma nimenawa mikono mara nne. Nilipofika, mikono ilikuwa safi kabisa, na mfuko nao ulikuwa umesafishwa. Wenyeji wakacheka, waliokimbia vita wakacheka, maana wote wamelipa barieri ileile. Mzaha huo nimeusema tena Bukavu, nimeusema hapa Shasha. Siku moja nimeusema barierini kwenyewe. Mwenye kamba alicheka sana, akafuta machozi, akaniomba matabishi yake. Nilitoa. Lakini mzaha ulivuka.

Kwa wenzangu, naomba jambo moja. Kabla ya kupanda jukwaani, mujiulize kama muko tayari kusema neno lilelile mbele ya yule munayemcheka, naye amepewa mikro. Kama hapana, muliache. Kwa wenye harusi, mashule na parokia: mukitupa dakika kumi na sahani ya wali, mutapata kicheko cha bei ile. Mulipe kazi kama kazi, mwambie mapema nani watakuwepo, nasi tutaandika kitu. Na kwa watazamaji: mukiacha kutupigia kelele "Tufanyie Munande! Tufanyie Mushi!", tutalazimika kufikiri. Mwaka 2019 ugonjwa ulifika mpaka Mwenga na Pinga, na ugonjwa ukifika, kila muji utatafuta sauti ya kuiogopa. Tusiwape sisi.

Mwezi wa tisa umeingia, mvua imerudi, barabara imekuwa matope tena. Niko nyumbani naandika ya kiangazi kijacho, na mama ananiuliza kama sasa nimeacha kuzunguka. Kila mzaha ninaoandika naupeleka kwanza, kwa mawazo, penye ile ndoo ya maji. Mingine inarudi. Siku nikialikwa tena harusi ya Goma, natumaini yule mama atakuwepo, na safari hii asitoke kabla ya keki.