NYUMBANI NA SHULENI: Herufi mbili, sauti moja



Mwezi huu twataka kunena habari za mtoto mmoja wa Kijaluo, aliyekuwa akisoma kwetu Musoma. Siku moja aliandika ubaoni "samba la baba". Wenzake wakacheka, nasi, twakiri kwa haya, tukacheka pamoja nao. Kesho yake hakuja. Mama yake akatuambia ya kwamba mtoto amekataa kabisa kushika kalamu.

Kosa lilikuwa letu. Katika Kijaluo hakuna sauti ya sh, basi mtoto aliandika vile vile alivyosikia. Tulitaka mkono wake ujue jambo ambalo sikio halijafundishwa.

Zamani Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na humo sh, th, dh na gh kila moja ina herufi yake. Herufi za Kirumi hazina, ndiyo sababu twaunganisha mbili mbili. Kwa hiyo msimwambie mtoto, "Taja s, kisha taja h." Hata akizitaja upesi namna gani, hazitatoa sh. Mwonyesheni kwamba hao wawili wakishikana mikono, sauti yao ni nyingine. Tena c katika Kiswahili haitembei kamwe bila h.

Anzeni na sikio. Semeni polepole: sindano, shindano. Mtoto ainue mkono asikiapo sh. Kisha choka, shoka; halafu chaka, shaka, saka. Asiandike neno lo lote mpaka sikio limetambua. Mama aweza kufanya hivi akichambua maharagwe, wala haihitaji kitabu.

Butiama na Bunda taabu tuisikiayo mara nyingi ni th na dh: dhambi huwa zambi, fedha huwa feza, na thamani huwa samani, ambayo ni vyombo vya nyumba! Mtoto aweke ncha ya ulimi kati ya meno, atoe pumzi: hiyo ni th. Aweke na kidole kooni, aseme dh, koo litatetemeka. Watoto hulipenda sana jambo hili la koo. Kh msiwasumbue nayo; vitabu vya kale vina khabari, bali sasa twaandika habari.

Ng' nayo yataka alama yake, maana ng'ombe si kama ngoma. Na hapa ndipo tulipompata tena yule mtoto. Tulikwenda kwao, tukamwomba aje kuwafundisha wenzake jinsi ng'ombe aitwavyo kwa Kijaluo: dhiang'. Darasa zima likajaribu, likashindwa, nasi tukashindwa pamoja nalo. Safari hii alicheka yeye. Alipomaliza kucheka akaomba chaki, akaandika dhiang', na juma lile lile akaandika shamba.

Mwezi ujao tutanena habari za l na r, ambazo zatusumbua hata sisi wenyewe.