Pembe ya ibada nyumbani: vitu hivi vina maana gani?



Katika baadhi ya nyumba za Waislamu wa mwambao wetu utakuta pembe iliyotengwa: mswala uliokunjwa, msahafu, tasbihi, chetezo cha udi, na ukutani Ayatul Kursiyyu ndani ya fremu. Wako wanaotuuliza iwapo pembe hiyo haifanani na madhabahu za nyumbani za dini nyingine. Swali ni zito, kwani linagusa tauhidi.

Kutenga mahali si uzushi. Itban bin Malik (RA), Answari aliyekuwa akiwaswalisha watu wake, macho yake yalipodhoofika na mvua ikawa inajaza bonde lililo baina yake na msikiti wao, alimuomba Mtume (SAW) aje aswali nyumbani kwake, ili mahali hapo apafanye pa kuswalia. Mtume (SAW) alikwenda pamoja na Abubakar (RA), akauliza aswali wapi, akaonyeshwa upande mmoja wa nyumba, akaswali rakaa mbili. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim, wala haitaji kitu chochote kilichotundikwa pale. Mahali palipata hadhi kwa swala.

Naye Umar bin Khattab (RA) alipolibusu Jiwe Jeusi alisema wazi kuwa ni jiwe tu, halina dhara wala nafuu, naye alibusu kwa kumfuata Mtume (SAW). Ikiwa hilo ni jiwe la Al-Kaaba, sembuse fremu ya dukani?

Kuhusu hirizi juu ya mlango, zenye aya za Qur'ani wanazuoni wamehitilafiana. Abdullah bin Masoud (RA) ni miongoni mwa waliozikataa. Zenye michoro na namba zisizofahamika hazina mtetezi.

Tuliwahi kuitwa kusoma dua katika nyumba yenye Ayatul Kursiyyu nne ukutani. (Udi wao, tukiri, ulikuwa mzuri mno.) Hakuna mtoto aliyeihifadhi. Msahafu ulikuwa juu ya kabati, ndani ya kitambaa cha mahameli, na ulipoteremshwa kurasa zilikuwa bado zimeshikana. Binti wa darasa la sita akauliza aya ile ya ukutani iko wapi humo ndani. Tukamfungulia Suratul Baqara, aya ya 255, akaanza kuisoma kwa kusitasita, baba yake akimsikiliza.